Subaru au Evo? Subiri kwanza, usiuze Vitz yako

Mwezi huu tuache kidogo habari za wivu, mawifi na simu za usiku wa manane, tuongelee ndinga. Na msidhani nimehama mada. Nyie wenyewe mnajua gari linavyoweza kununisha watu wawili wanaopendana, wakala chakula cha usiku bila kusemeshana.

Mdogo wetu mmoja wa Tabata ameniandikia. Ameolewa mwaka huu, yeye yuko kampuni ya bima, mwenzake yuko benki. Wamedunduliza kwa miaka miwili hadi wamefikisha milioni 25. Bwana anataka Mitsubishi Lancer Evolution aliyoiona Mikocheni, milioni 33. Bibi naye si kwamba hapendi spidi, anapenda sana, ila roho yake iko kwa Subaru Impreza WRX STI ya milioni 24 iliyopo Kigamboni. Sasa ili Evo inunulike, Vitz ya bibi aliyoinunua kwa mshahara wake kabla hata hajachumbiwa inabidi iuzwe kwa milioni 8. Anamalizia hivi: "Dada mhariri, najua ninyi mna Subaru na kaka yako ana Evo. Niambie ukweli, zinakula kiasi gani? Na je, niuze?"

Ni kweli tunayo. Mume wangu ana STI ya 2004, na kaka yangu ana Evo VIII ya mwaka huohuo. Hao wawili ni mashemeji wanaopendana sana, na hawajawahi kukubaliana kitu chochote kuhusu magari. Mimi ndiye mwenye daftari. Mwaka jana niliwaomba wote wawili waniletee risiti zao, kila moja, hata ya lita moja ya oili. Kaka alicheka, lakini alileta.

Kwanza nieleze kwa wale wanaojiuliza ugomvi huu umetoka wapi. Magari haya mawili, Evo na Impreza WRX, yote yaliingia sokoni Japani 1992, na yote yalizaliwa kwa ajili ya rali. Injini ya lita 2 yenye turbo, matairi yote manne yanavuta, milango minne, viti vya watoto vinaingia nyuma. Yaani gari la familia lililokunywa gongo. Sisi huku Afrika Mashariki tuliyaona yakipigana mlangoni kwetu. Safari Rally ya Kenya ya 1996 aliichukua Tommi Mäkinen na Mitsubishi. Mwaka 1997 Colin McRae akaichukua na Subaru. Mwaka 1998 Richard Burns akairudisha Mitsubishi, na ile Carisma GT ambayo kwa kweli ilikuwa Evo yenye jina jingine. Mwaka 1999 McRae akaja na Ford akawaharibia wote, 2000 Burns akashinda tena akiwa ameshahamia Subaru, na 2001 Mäkinen akaichukua kwa Mitsubishi. Kijana aliyekuwa na miaka 10 wakati ule leo ana mshahara na mke. Mnaona tatizo lilipoanzia?

(Kwa wanaobishana nyumbani: Mäkinen, bingwa wa dunia mara nne mfululizo na Mitsubishi kuanzia 1996 hadi 1999, mwenyewe alihamia Subaru mwaka 2002 na akashinda Monte Carlo. Hiyo mtumie shemeji yangu atafurahi. Kaka yangu huwa anaondoka mezani ikitajwa.)

Haya, tuje kwenye mkwanja.

Wese ndilo la kwanza, na hapa hakuna mshindi. Magari yote mawili kwa foleni za Dar yanakwenda kilomita 7, ukijitahidi 8 kwa lita. Tuchukue 7, na tuseme lita ni shilingi 3,000 kwa hesabu rahisi, wewe utaweka bei ya EWURA ya mwezi wako. Ukitembea kilomita 1,000 kwa mwezi unahitaji lita 143, yaani shilingi 429,000. Vitz inayokwenda kilomita 15 kwa lita itataka lita 67, shilingi 201,000. Tofauti ni 228,000 kila mwezi, na kwa mwaka ni 2,736,000. Hapo hujaenda Morogoro kumsalimia mtu, na hujakanyaga mafuta kuwaonyesha wenye Altezza. Na mkumbuke kuwa ada ya mwaka ya leseni ya gari iliondolewa mwaka 2017 na badala yake kodi ikaongezwa kwenye kila lita ya mafuta. Mwenye gari lenye kiu anailipa ile ada mara nyingi kuliko mwenye Vitz.

Halafu kuna suala la aina ya mafuta, ambalo wauzaji hawalisemi. Magari haya kwa Japani yalipangwa kunywa petroli ya daraja la juu, oktani 98 hadi 100. Petroli ya vituo vyetu vingi iko chini ya hapo. Injini yenye turbo ikinyimwa oktani, mafuta yanalipuka kabla ya wakati wake ndani ya silinda, na ukiendelea kuikanyaga pistoni ndizo zinazolia. Kwa hiyo ukisikia gari "limechezewa kompyuta, linatoa farasi 400," usifurahi. Uliza limepangwa kwa mafuta ya wapi. Kwenye makaratasi ya Japani zote mbili hazikuzidi nguvu ya farasi 280, kwa sababu watengenezaji wa kule walikuwa wamekubaliana wenyewe kwa wenyewe wasivuke hapo, na makubaliano hayo yalidumu hadi 2004. Kwa barabara zenye matuta kila mita 200, mimi sijaona farasi 280 wote wakipata kazi.

Sasa daftari. Subaru yetu kwa mwaka mzima ilitembea kilomita 11,000. Oili tunabadilisha kila kilomita 5,000, ile ya sinthetiki kamili, na filta yake: 190,000 kwa mara moja, mara mbili kwa mwaka ni 380,000. Matairi manne ya 17, siyo ya bei ya chini kabisa na siyo ya kujionyesha: milioni 1.4. Pedi za breki mbele na nyuma, 420,000, maana breki ni Brembo na pedi za Corolla haziingii pale hata ukiomba dua. Plagi nne na ufundi, 200,000. Na mwaka huo ulikuwa zamu ya taiming belti: belti, roli zake, tenshena, pampu ya maji na ufundi, jumla 950,000. Ukijumlisha yote bila wese ni 3,350,000.

Evo ya kaka: oili 380,000 vilevile. Matairi milioni 1.4, saizi zinakaribiana sana. Pedi 420,000, Brembo hizohizo. Plagi 130,000. Oili za giaboksi, transfa na difu ya nyuma, 450,000, maana hilo gari lina vyumba vingi vya oili kuliko nyumba ya mwenye wake wanne, na kila chumba kinataka oili yake ya aina yake. Na mwaka huo klachi iliisha: milioni 2.3 pamoja na ufundi. Jumla 5,080,000.

Mume wangu alipoona hizo jumla mbili alisimama akapiga makofi. Nikamwambia kaa chini. Mwaka mmoja haupimi gari. Klachi na taiming belti ni vitu vya kila baada ya miaka kadhaa. Toa 950,000 kwetu, toa milioni 2.3 kwa kaka, inabaki 2,400,000 kwetu na 2,780,000 kwake. Tofauti ni 380,000 kwa mwaka, kama 32,000 kwa mwezi. Hiyo ni kuku wawili wa kienyeji. Kama kuna mtu anakwambia Evo inafilisi na Subaru ni ya bure, au kinyume chake, mtu huyo hana daftari.

Tofauti ya kweli iko kwingine. Iko kwenye siku ambazo gari limelala gereji.

Subaru ina ndugu wengi. Forester, Legacy na Impreza za kawaida zimejaa mjini, na vitu vingi vinaingiliana: bushi, beringi za matairi, sensa, pampu za maji, vitu vya stelingi. Ukienda Kariakoo au Shauri Moyo asubuhi, mchana umerudi na spea. Ukikosa hapa, kuna watu wa mabasi wanaokuletea mzigo kutoka Nairobi, ambako Subaru ni kama dini. Evo nayo inaitwa Lancer, lakini usidanganyike na jina. Ukiitoa milango ya mbele na vitu vichache vya bodi, Lancer ya kawaida haina cha kuisaidia Evo ikiumwa. Injini yenyewe, hiyo 4G63 iliyotumika tangu Evo ya kwanza hadi ya IX, ni ngumu kweli, bloku yake ni ya chuma cha kutupwa na mafundi wa rali wanaiheshimu. Ugonjwa mkubwa ni mifumo iliyoizunguka. Evo za GSR kuanzia ya IV zina difu ya nyuma inayojiendesha kwa haidroliki, inayogawa nguvu kati ya tairi la kushoto na la kulia. Ndiyo inayofanya Evo iingie kona kama imefungwa kamba. Na pampu yake ni maarufu duniani kwa kuliwa na kutu na umri. Mpya ni bei ya pikipiki, na ya mtumba ni bahati nasibu. Ndiyo maana wengine wanatafuta Evo za RS, nyepesi zaidi, ambazo hazikuwekewa mfumo huo.

Kaka alisubiri kifaa kimoja wiki sita. Hakikuwa kikubwa, kilikuwa kinaingia kiganjani. Wakala aliyepewa pesa alisema "kiko njiani" hadi neno lenyewe likawa utani nyumbani kwao. Wiki sita hizo wifi yangu alimpeleka kazini kila asubuhi kwa Raum yake, Mbagala hadi Posta, na jioni akamfuata. Sijamsikia wifi akilalamika, lakini nilimsikia siku moja akimuuliza kaka kwa upole kabisa, "Hivi, baba, tungekuwa na gari moja ingekuwaje?" Kaka hakujibu. Na mimi kwenye daftari sina safu ya kuandika hilo.

Ukija kwa fundi mambo yanageuka, na hapa Subaru inapoteza. Injini yake imelala, silinda mbili kila upande, kwa hiyo plagi zinatazama pembeni kwenye chuma cha bodi. Fundi anaingiza mkono kipofu, anatukana kimyakimya, na anakutoza kwa hayo matusi. Kwenye Evo plagi ziko juu, unafungua kifuniko, nusu saa umemaliza. Ndiyo ile tofauti ya 200,000 na 130,000 mliyoiona hapo juu. Taiming belti ya Subaru ni moja ndefu inayozunguka gia nne za kamshafti. Ya Evo ni mbili, kubwa na ndogo ya kusawazisha mtetemo, na fundi mvivu akibadilisha kubwa akaacha ndogo, ndogo ikikatika inaweza kujiviringisha kwenye kubwa. Kwa zote mbili belti ikikatika ukiwa barabarani valvu zinapigana na pistoni, na hapo unaongelea injini nyingine. Kwa klachi, Evo lazima ishushwe transfa kwanza, ndiyo maana bei ya ufundi inapanda.

Subaru ina lake la hatari zaidi: haisamehi oili ikipungua. Beringi za konrodi ndizo zinazokufa, na ukisikia injini inagonga, we jua. Kwetu kupima oili ni kila Jumapili asubuhi, na ni kazi ya mtoto wetu wa miaka saba. Anachomoa kijiti, anafuta, anarudisha, anasoma. Akikuta imeshuka chini ya katikati, gari haliendi kanisani.

Sasa nisikilizeni na hili, maana linawahusu wapenzi wa ngurumo. Ile sauti ya Subaru inayotufanya tugeuze shingo inatokana na mabomba ya ekzosi yenye urefu usio sawa. STI za Japani zilizotoka kuanzia mwishoni mwa 2002 zilifungwa turbo ya aina nyingine na mabomba yenye urefu sawa, na ngurumo ikaondoka. Gari likawa na nguvu nzuri zaidi na sauti ya kawaida. Kinachofuata mnakijua. Kijana ananunua STI ya 2004, anaiwasha, haingurumi, roho inamuuma, anatoa milioni kadhaa kuondoa mabomba mazuri ya kiwanda ili afunge mabaya yanayopiga kelele. Shemeji yenu naye aliwahi kuja na wazo hilo. Nilimuuliza swali moja tu: hiyo pesa inatoka kwenye bahasha gani? Maana kwetu kuna bahasha ya gari, inawekwa 300,000 kila mwezi nje ya wese, na kikitaka kununuliwa kitu kisichokuwa ugonjwa lazima tukubaliane wawili. Tulibishana siku tatu. Gari letu bado halingurumi.

Hiyo bahasha, wapendwa, ndiyo kitu pekee ninachoweza kuapa kuwa kimetusaidia. Kwenye mahusiano mengi ninayoyaona, shida huanzia kwenye risiti iliyofichwa chini ya kapeti la gari. Bwana anasema shokapu zimegharimu laki mbili, kumbe ni laki nane, na bibi anakuja kujua kwa fundi mwenyewe anayepiga simu kudai salio. Hapo siyo shokapu tena zinazozungumzwa.

Kuhusu kuagiza wenyewe Japani badala ya kununua hapa, ambalo najua wengi mtauliza: magari haya yameshakoma kutengenezwa. Evo ya mwisho ilikuwa 2016, na STI nayo ilifungwa 2021. Maana yake karibu kila utakalolipata limevuka miaka 10, na TRA wana ushuru wa ziada wa uchakavu kwa umri huo, juu ya ule wa forodha na VAT. Piga hesabu kwenye kikokotoo chao kabla hujatuma hata dola moja. Kenya wao hawaruhusu kabisa gari lililozidi miaka 8. Na kuna mshindani mpya mnadani. Sheria ya Marekani inaruhusu gari lililotimiza miaka 25 kuingia bila kukidhi masharti yao ya kawaida ya usalama, na Wamarekani hawakupata Evo wala STI mpya madukani kwao hadi 2003 na 2004. Kwa hiyo kila mwaka matoleo ya zamani yanapotimiza umri, wananunua yale masafi, na bei ya Japani inapanda. Yanayobaki ya bei nafuu yamebaki kwa sababu.

Na hapa mjini, mjihadhari na bandia. Kubandika nembo ya rangi ya waridi na bawa la nyuma ni kazi ya asubuhi moja. Fungueni boneti msome namba ya chasisi. Impreza za kizazi kile, GDB ndiyo STI, GDA ni WRX ya kawaida. STI ina gia 6, WRX ina 5. Evo VII, VIII na IX zote ni CT9A, na V na VI ni CP9A. Ukiambiwa ni mojawapo ya hizo ukakuta herufi nyingine, huenda unauziwa Lancer ya kwenda sokoni iliyovalishwa suti.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Tabata, jibu. Usiuze Vitz. Siyo kwa sababu ni yako, ingawa hilo nalo lina uzito wake. Ni kwa sababu gari la miaka 20 lenye turbo haliwezi kuwa gari pekee la nyumba yenye watu wawili wanaosaini mahudhurio saa mbili asubuhi. Angalia pia kuwa Evo kwa milioni 33 inawaacha na sifuri. Sifuri kabisa. Siku ya kwanza ukilinunua gari kama hili hujui belti ilibadilishwa lini, hujui klachi imebaki kiasi gani, matairi yamekauka. Tenga milioni 5 za mwaka wa kwanza kabla hujashika funguo. Na hata hiyo STI unayoipenda wewe, kwa milioni 24 mnabaki na milioni moja, kwa hiyo nayo kwa leo jibu ni hapana. Usininunie.

Mngekuwa wadogo zangu wa tumbo moja ningewaambia hivi. Tafuteni WRX ya kawaida, hiyo GDA. Kwa Japani iliandikwa farasi 250, haina Brembo kwa hiyo pedi ni rahisi, inapatikana hata ya gia za otomatiki kwa ajili ya foleni ya Tazara, na kwa bei inakuwa chini sana ya STI. Mtabaki na Vitz na pesa ya matengenezo, na mtapata asilimia kubwa ya raha mnayoitafuta. Kama ni STI tu, subirini mwaka mmoja muongeze akiba. Na kama bwana anasema ni Evo au basi, sawa, Evo ni gari tamu, mimi mwenyewe nikipewa funguo za kaka Jumapili huwa sirudi mapema. Ila atafute iliyo bei ya chini ya akiba yenu, siyo iliyo juu yake, na kwanza apate fundi aliyewahi kufungua transfa ya Evo kwa mikono yake, siyo aliyewahi kuiona. Mkimkosa huyo fundi, hata bei ikiwa nusu, muiache.

Siku ya kwenda kulikagua, nendeni asubuhi na mapema, na mmwambie muuzaji asiliwashe kabla hamjafika. Wekeni kiganja kwenye boneti. Ikiwa ya moto, mmeshachelewa, salimieni mrudi kesho. Ikiwa ya baridi, chomoeni kijiti cha oili kabla ya kitu chochote, fungueni kifuniko cha rejeta mtazame kama maji yana utando wa mafuta, halafu mmoja awashe na mwingine asimame nyuma kwenye ekzosi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, mweupe unaoendelea hata baada ya injini kupata moto ni maji yanayoingia ndani. Anayesimama nyuma awe wewe, mdogo wangu, maana bwana wako akishakaa kwenye kile kiti na kushika ule usukani, hataona moshi wa rangi yoyote.